Picha Mpya kwa Jina la Zamani

Mwanangu, kila nikikuona unapeleka kazi kwenye seva kwa haraka, naikumbuka siku moja hapa Dzaleka, kwenye kambi hii ya wakimbizi ya Malawi, ambayo Mama Furaha alinikalisha chini.

Nilikuwa kijana, nimejua kutengeneza tovuti juzijuzi tu, na kichwa kilikuwa kimevimba. Mama Furaha, mshonaji kutoka Fizi kule Kongo, aliniomba ukurasa wa kuwaonyesha wateja wa Lilongwe mishono yake. Bibi-arusi mmoja wa Chilinde, mtaa wa huko Lilongwe, akapenda gauni la mikono mirefu. Baadaye kitambaa kilionekana hakitatosha, Mama akashona mfano wa mikono mifupi, akanipa picha yake ili mteja aione kwanza. Nikaiweka mahali pa ile ya zamani, kwa jina lilelile la faili. Nikamwandikia bibi-arusi aangalie tena ukurasa, bila kutaja mikono; akafungua, akajibu kwamba ameridhika. Mama akakata kitambaa.

Kumbe simu ya yule dada ilikuwa imeshaihifadhi picha ya kwanza, ile ya mikono mirefu, na ilipokuta jina halijabadilika haikupakua nyingine. Siku ya kujaribu gauni alilikataa, akaondoka analia. Nami, bila haya, nikasema kosa ni la simu yake, angeifuta kumbukumbu tu.

Mama Furaha aliweka mkasi chini. “We mtoto, yule dada alitafuta nguo, hakukuja kusomea simu. Bateja bote utabafuata kwabo ubafundishe kufuta? Hii kazi ni yako, uitengeneze wewe.”

Nikaiwekea tovuti amri ya kuzizuia simu zisihifadhi chochote. Hapo nikaharibu upya, maana kila aliyeingia alipakua picha zote tena, bando likamwishia, wateja wakaanza kutukimbia. Niliona aibu mpaka nikakubali kumuuliza rafiki yangu aliyefanya kazi ya kompyuta kwenye ghala moja Kanengo, eneo la viwanda la Lilongwe. Akanionyesha jinsi ya kuiachia kazi ya majina programu inayokusanya faili kabla ya kuzipeleka kwenye seva. Inasoma kila faili, inatengeneza alama kutokana na yaliyomo, inaibandika kwenye jina, kisha inaurekebisha ukurasa uite jina hilo jipya. Picha iliyobadilika inapakuliwa, isiyobadilika inabaki simuni na haili bando la mtu.

Wateja walirudi. Yule bibi-arusi hakurudi, na arusi haifanywi upya kwa sababu tovuti imetengemaa. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, usimtwishe mteja kazi iliyokushinda wewe. Usitegemee kukumbuka kubadilisha majina kwa mkono, maana utachoka na utasahau, iachie programu. Na ukisema kazi imekwisha, ifungue kwanza kwenye simu ya mtu aliyewahi kuiona jana, si kwenye kompyuta yako peke yake.

Mungu akupe mikono yenye subira, na mtu wa mbali anayekuamini asilie kwa sababu yako.