Ukungu Juu ya Kaburi la Mama

Baba hakuniomba picha ya mto. Aliniomba kaburi la mama, na mto uwepo tu ili watu wajue ni wapi. Kesho yake lori lingekuja kutuhamishia kijiji cha Ujamaa, mbali huko Handeni, na kamera hatukuwa nayo.

"Wewe si unasomea ualimu Korogwe, na kuchora mnafundishwa?" alisema. "Nichoree."

Kuchora nilijua namna moja tu, nami nilikuwa naringa nayo: unalowesha karatasi yote, unagusisha rangi, unaiinamisha, maji yanamaliza kazi. Wenzangu chuoni walinisifu mpaka kichwa kikavimba.

Asubuhi ya kuhama nikachota maji ya mtoni kwa kikombe, nikaketi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Pangani, nami nikaachia rangi itembee. Ikatembea kweli. Ng'ambo ikatokea, mkuyu ukatokea. Baba akaja kusimama nyuma yangu.

"Mto ndio wenyewe," alisema. "Sasa mama yako yuko wapi?"

Nikachovya brashi nichore yale mawe mawili ya kaburi, la kichwani na la miguuni. Karatasi ilikuwa bado mbichi. Jiwe la kwanza likatanuka, likawa doa, likayeyuka. La pili vilevile. Nikaipepea kwa kanga, nikaipuliza, nikamwambia Baba tusubiri ikauke. Ikauke wapi, na unyevu ule? Lori likapiga honi. Mgambo aliyekuja nalo alikuwa kijana mstaarabu: alimwamkia Baba shikamoo, kisha akabeba kitanda chetu. Ungemgombeza kwa lipi? Hasira nilikuwa nayo, wa kumtolea sikumwona.

Karatasi ilikaukia njiani, mapajani mwangu. Kule kijijini nilishika penseli niyaongeze mawe, mkono ukagoma. Yalikuwa upande wa juu wa mkuyu, au wa chini? Na nilikuwa nimepita pale maisha yangu yote. Nikasema nitarudi nikaangalie. Masika yale yale mto ukafurika, ukaondoka na ukingo mzima, mkuyu na kila kitu.

Baba aliibandika picha ukutani hivyo hivyo. Mgeni akija anampeleka pale, anaweka kidole kwenye ule weupe wa ukungu na kusema, "Mke wangu yuko hapa." Kila mgeni, kidole kilitua mahali pengine. Mimi niliyeichora sikuwa na mahali pa kumwonyesha.