Mvua Iliyotoka Japani

Sabina alitaka redio kaseti, na kila aliyemwambia hivyo alimcheka. Alizunguka maduka ya Ngarenaro, mjini Arusha, mchana mzima. Akaonyeshwa spika zenye taa za rangi, akaonyeshwa redio za kuchomeka flashi, na fundi mmoja akamwambia kwa upole, "Mama yangu, hizo mashine zilishaondoka na watu wake." Akarudi kijijini kwake Oldonyo Sambu na sukari, majani ya chai, na mfuko wa kaseti za kwaya alizokuwa amezibeba ili kujaribia.

Zilikuwa kaseti za ujana wake. Sabina aliimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika tangu akiwa msichana, na kwaya ile ilikuwa imerekodiwa mara kadhaa, kanisani, milango ikiwa imefungwa ili mbuzi wasisikike. Redio yake ya mwisho ilimeza mkanda mmoja, ikautafuna, kisha ikanyamaza yenyewe. Mumewe, Tajeu, alikuwa ameshafariki, na watoto walikuwa wametawanyika. Nyumba ilibaki na upepo wa mlimani, ambao upande ule haupumziki.

Aliyemsaidia ni binti yake wa mwisho, Nancy, mpokea wageni katika hoteli moja mjini. Jumapili moja baada ya ibada alikuja, akakaa karibu na mama yake, akamwonyesha picha kwenye simu: redio kaseti ya kijivu yenye mkono wa kubebea, imewekwa juu ya mkeka.

"Iko wapi hii?"

"Japani, yeyo," alisema Nancy, akimwita mama kwa Kimaasai. "Anaiuza mzee mmoja anaitwa Morita. Anasema inapiga na inarekodi."

"Japani kunakotoka magari?"

"Hukohuko."

Sabina aliisogeza simu karibu na macho. Nyuma ya redio palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha kila kitu kilikuwa cheupe.

"Huyu mzee anasikia baridi," alisema. "Mwambie nainunua."

Majirani walisema ametapeliwa, na kwamba huyo Morita huenda ni kijana tu amekaa mahali anacheka. Lakini Morita aliandika, tena kwa adabu. Alionya redio isichomekwe kwenye umeme wa Tanzania, itaungua, kwa sababu umeme wa kwao una nguvu ndogo. Watumie betri. Kisha akauliza kama huko wanakoishi kuna vumbi, ili aifunge vizuri zaidi.

Mzigo ukaanza safari. Kila ulipofika mahali, Nancy alipata ujumbe, naye alimpigia mama yake. Umetoka Osaka. Umefika Dubai. Halafu kimya cha siku nyingi. Sabina akawa anaiwaza redio hata mikono yake ikiwa inachambua maharage: imelala gizani ndani ya ndege, chini yake bahari, chini yake miji yenye taa, yenyewe haijui inakopelekwa. Mchana mmoja alisinzia kwenye kigoda akaota amesimama kando ya barabara ya Namanga, na kila lori lililopita lilikuwa na theluji juu ya turubai. Aliamka mikono ikiwa ya baridi.

Hatimaye Nancy aliichukua posta, akaileta. Ilikuwa imefungwa kwa magazeti ya Kijapani, tabaka juu ya tabaka, na Sabina aliyanyoosha yote moja moja, akayaweka chini ya godoro. Nancy alipobonyeza kitufe cha kufungulia kimlango, alikuta ndani mna kaseti nyingine, haina jina wala alama. Wakaiweka kando, maana Sabina alitaka kwaya yake kwanza.

Kwaya ilikuwa imechoka. Mikanda ilikuwa imekaa miaka mingi juani na kwenye vumbi, na sauti zilijikokota kama za watu wanaoimba wamejifunika blanketi. Sabina alijitafuta katikati ya sauti zile, hakujipata. Hakulalamika. Alimwandalia Nancy chai, akamsindikiza mpaka barabarani.

Siku iliyofuata, mchana, akaipiga ile kaseti isiyo na jina.

Mwanamke alikuwa anazungumza. Hakuwa na haraka. Alisema kidogo, akanyamaza, kikombe kikasikika kikiwekwa mezani, akacheka peke yake, akaendelea. Sabina hakuelewa hata neno moja, lakini aliacha kazi iliyokuwa mikononi mwake, kama mtu anavyoacha kazi mgeni anapoingia. Kisha yule mwanamke alisema jambo fupi, akasimama, nyayo zake zikatembea sakafuni, na mlango ukaburuzwa. Halafu mvua.

Mvua tu. Ilinyesha juu ya kitu kama majani mapana, ikadondoka mahali penye maji, ikaongezeka, ikapungua, na haikukatika mpaka mkanda ulipofika mwisho.

Mwaka ule vuli ilikuwa imepita bila kudondosha kitu. Wanaume walikuwa wamehamisha ng'ombe kwenda mbali, mahindi yalikuwa yamekauka kimo cha goti, na vumbi lilikuwa linaingia hata kwenye chumvi. Sabina aligeuza mkanda akausikiliza tena, na mara ya pili akalala. Katika usingizi alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba asiyoifahamu, na mwanamke mmoja aliyempa kisogo alikuwa anatazama bustani iliyolowa. Hakugeuka. Hawakuhitaji kusemezana.

Jirani yake Loishiye, mzee wa kanisa, alipita akitafuta kondoo aliyepotea, akasimama ghafla uani.

"Takwenya, mama Nancy," alimsalimia kwa Kimaasai. "Hicho ninachosikia ni nini?"

"Iko," Sabina aliitikia salamu. "Ni mvua."

Loishiye alitazama juu, mbingu ni nyeupe kwa jua. "Imenyesha wapi?"

"Japani."

"Lini?"

"Zamani, nadhani."

"Basi ilishakauka," alisema Loishiye. Lakini alivuta kigoda akakaa, akaisikiliza hadi mwisho, fimbo magotini. Kesho yake alirudi na mkewe. Baada ya hapo wakaja wengine, hasa akina mama waliotoka kusubiri maji bombani, wakakaa ukutani kwenye kivuli, kila mmoja akitazama pake. Mmoja alimwambia Sabina kwamba akiwa pale anasikia harufu ya udongo, kisha akaona aibu kuwa amelisema.

Nancy alirekodi sauti ile kwa simu na kumtumia Morita. Jibu lilichelewa. Lilipofika, lilikuwa refu, na Nancy alilisoma polepole akilitafsiri.

Morita alisema hamjui yule mwanamke. Yeye hununua vyombo kutoka nyumba ambazo wenyewe wamekwisha kuondoka duniani, na hii redio aliipata kwa dalali ambaye naye hakumbuki ilitoka nyumba gani. Alikuwa ameuliza kote, bila mafanikio. Lakini alikuwa amesikiliza. Yule alikuwa mama wa kaskazini, wa lafudhi ya kizamani, akimtumia salamu mdogo wake aliyeolewa mbali. Anamwambia kwamba figili zimeshaanikwa, kwamba mbwa amekuwa mvivu na hatoki tena kwenye jiko, kwamba ameshona nguo ikambana.

"Halafu anasema," Nancy alisoma, "'Habari nyingine sina. Ngoja nikufungulie mlango usikie mvua ya nyumbani.'"

Sabina alikuwa anatazama mikono yake. "Na huyo mdogo wake?"

"Morita anafikiri kaseti haikutumwa, yeyo. La sivyo isingekuwa humo kwenye redio."

Alipobaki peke yake Sabina hakupiga mkanda wowote siku ile. Alikuwa anamwaza Naserian, dada yake mkubwa. Naserian alikuwa anaishi mbali, Terrat, kwa mkwewe, na macho yalikuwa yamemwishia. Walikuwa wanapigiana simu: mzima, mzima, watoto, wazima, haya. Simu ikikatwa, kila mmoja alibaki na yale aliyotaka kuyasema.

Akachagua kaseti mojawapo ya kwaya, iliyoharibika kuliko zote. Akaziba kwa plasta vijitundu vya juu ya kaseti, maana bila hivyo mashine haikubali kurekodi. Akakaa uani, akabonyeza kitufe chekundu, akaona haya. Halafu akaanza na mbuzi aliyezaa mapacha na kumkataa mmoja, akaendelea na ukuta wa jiko uliopasuka, na Loishiye na kondoo wake, na kwamba sasa anakunywa chai bila maziwa na ameizoea. Alisema mambo ambayo hakuna mtu angepanda gari kwenda kuyasema. Mwisho akasogeza redio mpaka kwenye ua wa miiba ili upepo uingie.

Naserian hakuwa na mashine, kwa hiyo Sabina aliibeba mwenyewe hadi Terrat.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umebeba nini kizito hivyo? Nasikia unavyohema."

Alimweka dada yake kwenye kiti, akaiwasha. Sauti ya Sabina ilipoanza kuhusu mbuzi, Sabina mwenyewe aliinama kumweleza kwamba yule aliyekataliwa sasa ananyonya vizuri.

Naserian aliinua mkono. "Nyamaza kwanza. Namsikiliza mdogo wangu."

Sabina alikaa pale hadi upepo ulipokwisha, akamwona dada yake akigeuza uso taratibu kama mtu anayetafuta upande ule upepo unakotoka.

Redio ilibaki Terrat. Nancy aliirudisha Oldonyo Sambu baada ya wiki chache, na ndani yake kaseti ikiwa imerekodiwa upande wa pili. Naserian alikuwa ameongea sana. Alimsema mkwewe, akamsifu, akamsema tena. Akasema kwamba gizani alimo anaona rangi, hasa asubuhi, na hajamwambia mtu kwa sababu watasema anawehuka. Kisha sauti yake ikashuka.

"Sabina, nilikulia chini ya mlima huo na siku nilizokuwa nao sikuutazama. Niambie unaonekanaje leo. Usiniambie ni mzuri. Niambie unaonekanaje."

Sabina alibeba redio akatoka nayo nje, akakaa akiuelekea mlima. Jua lilikuwa linaanza kuegemea. Akabonyeza kitufe chekundu, akatazama kwa muda, akaanzia juu kabisa, mahali ambapo wingu moja jembamba lilikuwa limekwama mwambani na halijaamua liende upande gani.