Mwalimu wa Hesabu Aliyetaka Watoto Wasome Kwanza

Wasomaji wangu wa kila wiki, leo mtanisamehe, utani sina. Tumemzika mwalimu mwenzangu huko Nakwa. Homa ilimshika, zahanati ikawa na daktari lakini haina dawa, na mengine mnayajua kwa kuwa yamekwisha kuwafika nanyi. Misumari ya jeneza tuliing'oa kwenye madawati mabovu ya shule, maana madukani haipo. Nimechoka, nasema wazi. Nimechoka kuzika watu ambao chupa moja ya dawa ingewaponya.

Marehemu alifundisha hesabu, mimi nikifundisha Kiswahili chumba cha pili, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Siku moja nilimsikia akiwasomea watoto swali: watu wanane wamebaki kwenye foleni ya sabuni baada ya watano kuondoka, mwanzoni walikuwa wangapi? Darasa zima likaitikia kwa furaha, "Watatu!" Watoto wetu ndivyo walivyozoea: wakisikia kuondoka, wanatoa, wakisikia kuongeza, wanajumlisha, kilichobaki katika swali hawakioni. Yeye hakushika fimbo. Aliuliza kwa upole, "Kama mwanzoni walikuwa watatu, hao watano waliondokaje?" Akawapanga mlangoni, wanane wakabaki, watano wakatoka nje, kisha akawaambia wanaotazama wasimulie walichokiona kwa maneno yao. Kipindi kikaisha kwa swali hilo hilo moja. Mimi nilicheka nikadhani mwenzangu ameamua kuninyang'anya somo langu.

Wazazi hawakucheka. Kwenye mkutano wa shule alisimama mama mmoja wa kijiji cha Sigino, mkulima wa mahindi na maharage, binti yake akiwa darasa la saba. "Shikamoo, mwalimu," alimwambia mwenzangu. "Mimi nauliza tu. Mtoto wangu anasoma hesabu au anasoma hadithi? Darasa la jirani wameshamaliza kitabu."

"Marahaba, mama. Anasoma hesabu. Ila hesabu nayo ina maneno, na asiyeyaelewa anabahatisha."

"Mtihani hautamngoja aelewe, mwalimu."

Watu wakapiga makofi, na si kwa ubaya. Nafasi za sekondari ni chache kuliko kilo za sukari, na kwa mtoto wa Sigino hakuna mlango mwingine. Mwalimu mkuu akamwondoa marehemu darasa la saba, akampa la tatu. Marehemu alichukua chaki zake akahamia huko, na sikuwahi kumsikia akimlaumu mtu.

Juzi baada ya maziko mama yule alinijia, macho mekundu. Akanieleza kwamba msimu uliopita alinunua pakiti ya dawa ya kuhifadhia mahindi, na majirani wakamwambia amimine yote, ikizidi ndiyo inaua dumuzi vizuri. Binti akaomba kwanza asome maandishi. Akasema, "Mama, hii ni ya gunia zima. Sisi tuna nusu. Halafu inasema yasiliwe mapema, na humu mna ya kupika wiki hii." Wakatenga ya kula, wakapima dawa pungufu ya nusu, kiasi cha yaliyobaki.

"Ametuokoa na sumu," mama alisema. "Lakini sekondari hakuchaguliwa. Aliniambia kwenye mtihani alikuwa anayasoma maswali mpaka anayaelewa, kengele ikalia hajafika mwisho. Sasa mimi nimshukuru marehemu au nimlalamikie?"

Watu wazima tumekubali kuhukumiana kwa haraka ya majibu. Foleni zimetufundisha hivyo: aliyewahi kapata, aliyeuliza kakosa. Redio inatupa maelezo ya uhaba, nasi tunadaka neno moja tunalolijua na kuitikia kama wale watoto waliosema watatu. Haraka haraka haina baraka, tunaimba asubuhi; mchana tunampima mtoto kwa saa. Inaniuma kwamba marehemu alikuwa sahihi na binti yule akalipia usahihi huo.

Mama hakuwa amemaliza. Alikwisha kusikia kwamba vipindi vya marehemu nimepewa mimi, kwa kuwa wilaya haina mwalimu wa kutuletea. "Mdogo wake binti yangu yuko darasa la tatu," alisema. "Wewe utamfundishaje?"

Nikamwambia nitaanza na kusoma, kama marehemu. Nilijiandaa kwa lawama. Alifunga kanga yake vizuri, akanitazama.

"Basi mfundishe asome haraka."

Neno hilo sijalitua. Kumfanya mtoto aelewe, na aelewe kabla ya kengele, katika nchi ambayo kila kitu kinachelewa isipokuwa mtihani: hilo ndilo swali alilotuachia marehemu. Jumatatu nitaingia nalo darasani, na jibu lake bado silijui.