Mlango wa Bi Mwanamize wa Jadida

Kwanza watu walisema umeme. Haya, tuseme umeme. Mwaka ule wa elfu mbili na tano umeme wa Pemba ulikuwa hauna adabu, ukikatika mara tatu kwa siku na hakuna wa kumuuliza. Lakini umeme ukikatika hukatika kwa wote. Kompyuta ya Bi Mwanamize ilikuwa inazima peke yake, taa ya ukumbini inawaka, redio ya jirani inasoma habari, na mwenyewe yuko katikati ya barua ya mtu. Pyu! Kioo cheusi.

"Imeanza tena mashine jinga hii!" Na sanduku likala kofi.

Mwanamke huyu pale Jadida alijulikana na kila mtu, wa kumpenda na wa kumchukia. Umri miaka hamsini na mbili, mfupi, miwani imefungwa uzi upande mmoja, na neno likimfika kinywani halirudi tumboni. Alipiga taipu ofisi ya serikali miaka kumi na saba. Vyama vingi vilipoingia, mwaka wa uchaguzi ule wa mwanzo, mkubwa wake alimwita akamuuliza, "Bibie, wewe uko wapi?" Wakati ule hakuna mtoto wa Pemba asiyejua swali hilo linauliza nini. Yeye akajibu, "Niko kazini." Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Mwezi uliofuata akaambiwa akapumzike nyumbani.

Hakupumzika hata wiki. Kaka yake Marhoun, aliyekuwa Dubai, alimletea kompyuta iliyokwishatumika, kioo chake kinene cha kujaza meza nzima, na printa yenye kelele. Akaviweka ukumbini, meza karibu na mlango wa mbele ili apate mwangaza, akaandika kibao kwa mkono wake: HUCHAPWA BARUA ZA KILA MTU. Hayo maneno ya mwisho mawili akayapigia mistari kwa rangi nyekundu, asije mtu akajifanya hakuyaona.

Na kila mtu alikuja kweli. Zilikuja kadi za harusi, mitihani ya skuli, malalamiko ya kwenda kwa kadhi, na barua za vyama, cha huku na cha kule. Mkumbuke siku zile watu walivyosusiana. Huyu haendi harusini kwa yule, yule hanunui dukani kwa huyu, hata maiti wengine walizikwa na nusu ya mtaa. Lakini kigoda cha Bi Mwanamize kilikaliwa na pande zote mbili, si kwa wakati mmoja, la, lakini kilikaliwa.

Basi kompyuta ilipofika uzee na kuanza kuzima, ikaharibu mambo. Bwana Nassor, katibu wa tawi la upande mmoja, alikuja na barua yake na majina ya mawakala wa kura. Ikazima mara tatu. Akainuka, jicho kali. "Bi Mwanamize, mbona zinazimika barua zetu tu?" Siku mbili baadaye akaja Mzee Hamzah, mwenyekiti wa upande wa pili. Ikazima mara mbili, na yeye akainuka na maneno yaleyale, utadhani wameyapanga. Kila mmoja akaenda kwa watu wake, na mtaa ukapata la kusema. Eti anazima makusudi. Eti kabla ya kuzima huwa keshajitilia nakala ya kwenda kuwapa wenzao.

Kufika Ijumaa kigoda kilikuwa kitupu. Na kilichomchoma si kukosa kazi ya wiki. Kilichomchoma ni kuambiwa msaliti, yeye aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kuchagua upande, na sasa aambiwe amechagua zote mbili na kuziuza! Akaapa, wallahi, hatauacha ule ugonjwa wa mashine mpaka aujue jina lake.

Akamwita Hudhaifa, fundi kijana wa Mgogoni mwenye kibanda cha redio na kompyuta karibu na soko. Mtu mpole, hana papara. "Tusibuni, Bi," alisema. "Tuondoe kimoja kimoja." Akabadilisha waya. Ile stabilaiza, kidude cha kutuliza umeme, akaijaribu kwa televisheni, nzima. Akachomoa memori akaisugua kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Akafungua kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, akatia cha kwake. Kisha wakakaa saa mbili wanaitazama. Ikawaka tu, tena kwa adabu zote.

"Mbele yako inajifanya binti wa watu," alisema Bi Mwanamize kwa hasira. Hudhaifa akakusanya vyombo vyake akaenda zake.

Alasiri ileile akaingia Nusaiba, ushungi umemfunika mpaka machoni. Huyu alikuwa binti wa watu kweli, ameolewa nyumba ya ng'ambo ya njia. Mumewe kaenda bara, mwezi wa nane huu hajaleta matumizi wala salamu, na yeye anataka kumwandikia kadhi. Mkwewe, mama wa mume, yuko pale pale barazani kwake, anaonekana. "Bi Mwanamize, funga mlango, nakuomba." Akafunga, akatia komeo. Nusaiba akasema ya moyoni kwa sauti ya chini, Bi Mwanamize akawa anachapa. Walipofika mahali pa kutia jina la mume, pyu!

Nusaiba alilia. "Hata mashine haitaki nisikilizwe." Akainuka akatoka bila barua, na Bi Mwanamize akabaki na mikono juu ya meza. Yale ya Nassor na Hamzah angeyavumilia. Hili hapana.

Jirani yake Bi Moza alipopata habari alikuja na dawa yake. Chetezo, makaa, ubani. "Shoga, hapana ntu hapa, hiki kitu kina mwenyewe. Tukifukize."

"Kifukize, Moza. Keshapita fundi, sasa zamu yako."

Bi Moza akafunga mlango ili moshi usipotee bure, akaizunguka meza anasoma, na Bi Mwanamize anachapa huku anakohoa. Haikupita hata robo saa, pyu! Bi Moza alitoka mbio, kandambili moja ikabaki chumbani, na mtaa mzima ukasikia kwamba jini limekasirika.

Bi Mwanamize alifungua mlango moshi utoke. Akaiwasha mashine kwa ubishi tu. Ikawaka. Ikakaa hivyo mpaka adhuhuri, ikakaa mpaka alasiri, haikutikisika. Hapo ndipo alipoweka kidole mdomoni.

Moza, mlango ulifungwa. Nusaiba, mlango ulifungwa. Nassor ndiye aliyetia komeo kwa mkono wake mwenyewe. Hamzah naye alisema, "Funga, Bi, kuna macho." Kadi za harusi je? Mlango wazi, na hazijazima hata siku moja. Hudhaifa alipokuwapo? Wazi pia. Akafunga mlango, akakaa anachapa upuuzi, majina ya kuku wake na ya wajukuu. Dakika kumi na nne, pyu! Akafungua, akasubiri ipoe, akawasha. Saa nzima, kimya. Akafunga tena, ikazima tena. Alicheka peke yake mpaka miwani ikamtoka.

Hudhaifa akarudi na bisibisi, safari hii akalivua lile sanduku koti lote. Vumbi la njiani lilikuwa limeganda ndani, na feni ndogo ya katikati ilikuwa inazunguka kwa kujilazimisha. Akapuliza, akafuta, akatia tone la mafuta ya cherahani.

"Joto, Bi. Inajizima isije ikaungua. Feni yenyewe imechoka, na ya aina hii sijaiona hata Unguja. Kinachoisaidia ni upepo wa mlangoni. Ukifunga, haipati."

"Kwa hiyo inawazimia wanaonong'ona tu?"

"Yenyewe haina habari nao, Bi. Lakini ndio hao wanaofunga mlango." Hudhaifa akatabasamu. "Si kazi kubwa. Weka feni ya mezani ubavuni, kisha fungeni mlango mtakavyo."

Bi Mwanamize aligeuka akautazama mlango. Feni ya mezani anayo, iko chumbani.

"Sitaki," alisema. "Nimewafungia mlango wao, walipotoka wakanitukana kwa yaliyofanyika mlango umefungwa. Ungekuwa wazi, nani angesema nimetia nakala mfukoni? Nipe hiyo bisibisi."

Akaiendea bawaba ya juu. Hudhaifa alidhani anatania mpaka alipoona skurubu ya pili imeanguka chini. Ubao wa kwanza wa mlango ukatoka, wa pili ukafuata, na kijana wa watu akamsaidia kuzibeba kwa sababu mama wa umri ule haachwi abebe peke yake. Wakapita nazo mpaka uani.

Bwana Nassor alikuwa wa kwanza kufika. "Mlango uko wapi?"

"Juu ya banda la kuku. Karibu, kaa."

"Nina barua ya siri, Bi Mwanamize."

"Ya siri kaandike kwa mkono. Maneno yasiyoweza kusikika na mpita njia mwenye samaki wake, utayasemaje mkutanoni?"

Nassor akapandisha sauti. "Hebu tuambie, wewe uko wapi?"

"Niko kazini!" Alisimama kabisa. "Niliulizwa hivyo miaka kumi iliyopita, nikafukuzwa. Nyinyi mtanifukuza wapi? Hapa kwangu."

Mzee Hamzah alikuja kesho yake akapata jibu hilohilo, akaondoka na karatasi zake mfukoni. Wiki nzima hakuja mtu. Bi Mwanamize alikaa mlangoni pasipo mlango, mashine inawaka, na alikuwa anaogopa. Si uongo, alikuwa anaogopa. Lakini mbao hakuzirudisha.

Siku ya nane Nusaiba alivuka njia. Alisimama akapaangalia palipokuwa mlango, na Bi Mwanamize, ambaye kwa wanaume alikuwa moto, akainuka taratibu. "Mwanangu, kwako wewe nitatundika pazia. Feni ninayo ndani. Sema tu."

Nusaiba aligeuka akatazama ng'ambo. Mkwewe alikuwa barazani anapepeta mchele, jicho liko huku. Binti akarudisha ushungi mabegani, uso wote ukaonekana, akakaa kwenye kigoda.

"Acha, Bi Mwanamize. Miezi minane nimenyamaza, nimepata nini? Andika."

Akasema jina lake, la baba yake na la mumewe. Akasema miezi minane, akasema matumizi, akasema nguo aliyoolewa nayo ndiyo hii aliyovaa. Mwanzo sauti ilitetemeka, kisha ikashika. Kule ng'ambo ungo ulisimama mikononi mwa mkwewe. Waliokuwa wanapita wakapunguza mwendo, na mmoja wao alikuwa Mzee Hamzah, karatasi zake bado mfukoni. Ikapita robo saa, ikapita nusu saa. Printa ikapiga kelele zake, ikatoa kurasa mbili nzima, na Nusaiba akatia saini palepale kizingitini.

Bi Mwanamize akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa.

"Haya, Mzee Hamzah, zamu yako," alisema. "Njoo ukae. Na wewe useme kwa sauti."