Shangazi na Tonge, poni asiyetakiwa kushiba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shangazi anakuja na wavu wa nyasi begani na mizani ya kuning'iniza mkononi. Hajafika bado kwenye banda la mwisho, mlango wa banda hilo unaanza kupigwa mateke kutoka ndani.

“Nimekusikia, baba,” anasema. “Hata wa ng'ambo ya barabara wamekusikia. Subiri.”

Hasubiri. Anayepiga mlango ni Tonge, poni wa rangi ya kahawia mwenye umri wa miaka kumi na minne. Mgongo wake unamfikia Shangazi kifuani, tumbo limemtoka pande zote mbili, na tangu azaliwe hajawahi kukutana na chakula akakipisha.

Shangazi anatundika wavu kwenye mizani. Gramu mia sita na hamsini. Anachomoa nyasi kwa vidole viwili, anaangalia, anachomoa tena. Mia sita na arobaini. Hicho ndicho kifungua kinywa. Milo mingine minne ya kipimo hicho hicho itafuata mpaka jua litakapozama, na yote pamoja ni kilo tatu na gramu mia mbili.

“Daktari akisema mia sita na arobaini, ni mia sita na arobaini,” anasema huku akifunga mdomo wa wavu. “Gramu kumi kwako wewe si kitu. Kwake yeye ni miguu.”

Shangazi ana miaka arobaini na tisa. Katika shule hii ya kupanda farasi kila mtu anamwita hivyo, hata bosi aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Alikuja kufagia kwa wiki mbili, kumshikia nafasi jirani yake aliyejifungua. Jirani hakurudi, na Shangazi sasa ana miaka kumi na tisa kazini. Mshahara wake unalipa kodi ya vyumba viwili na nauli, na kinachobaki, anasema, hakijawahi kuiona tarehe kumi na tano.

Tonge alikuwa farasi wa watoto wadogo. Mpole, hastuki, hakimbii hata akiombwa. Kisha miaka mitatu iliyopita alianza kutembea kama mtu aliyevaa viatu vya mdogo wake. Daktari wa mifugo alipomgusa kwato akazikuta zina moto. Nyasi mbichi za uwanjani zina sukari nyingi, akaeleza, na kwa poni wa aina hii sukari ikizidi, nyama inayoushika mfupa wa mguu ndani ya kwato huvimba na kuachia. Ikiachia kabisa, mfupa unashuka chini, na hapo hakuna dawa.

Toka siku hiyo Tonge hajakanyaga nyasi. Anaishi ndani ya chumba cha hatua nne kwa hatua nne, sakafu ya maranda ya mbao, dirisha moja, mlango mmoja. Ndani humo anatakiwa ale kidogo, asichoshwe na kukaa bure, na asikonde kwa majonzi. Kazi hiyo ni ya Shangazi.

“Watu wanadhani kazi ni kumnyima,” anasema. “Kumnyima hata mlango unaweza. Kazi ni huyu mtu afanye nini saa ishirini na nne.”

Nyasi zikimwagwa sakafuni, Tonge anazimaliza ndani ya dakika ishirini, halafu siku nzima hana shughuli. Hapo ndipo anapotafuna mlango. Ametafuna pia ukuta, mpini wa reki, mkono wa koti la bosi, na bango la kwanza la boksi lililoandikwa TAFADHALI USINIPE CHAKULA. Bango hilo alilila lote, Shangazi anaapa, kuanzia upande wa “tafadhali”.

Kwa hiyo nyasi zinawekwa kwenye wavu, na matundu ya wavu ni madogo kiasi kwamba vinapita vidole viwili tu. Nyavu za dukani zina matundu makubwa. Mume wa Shangazi, fundi viatu, ndiye anayeyabana jioni kwa sindano ya kushonea soli, akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kamba za nailoni zimemzunguka miguuni.

“Nyumbani kwetu nyavu ni nyingi kuliko shuka,” Shangazi anasema. “Mgeni akija anauliza kama tumehamia kwenye uvuvi. Mume wangu anamjibu, hapana, tunavuliwa sisi.”

Wavu mmoja wa fundi viatu unamshughulisha Tonge kwa saa mbili na nusu. Shangazi hautundiki mahali pamoja. Asubuhi uko kona ya dirisha, mchana umeshuka karibu na mlango, jioni umegawanywa mara tatu na kufichwa ili ahangaike kuutafuta. Kuna dumu la lita tano alilolitoboa matundu kwa msumari wa moto. Humo anatia konzi moja ya pumba, na Tonge analisukuma kwa pua chumba kizima ili zidondoke punje mbili tatu. Kuna matawi yenye magome ya kubandua. Na katikati ya milo kuna brashi, ambayo Shangazi anaipitisha mgongoni polepole kuliko inavyohitajika, kwa sababu dakika arobaini za kusuguliwa ni dakika arobaini bila kuomba.

Maana Tonge anajua kuomba. Akiona mgeni anainamisha kichwa, anashusha mdomo wa chini, anaegemeza shavu kwenye mlango na kutazama kama yatima. Shangazi amewahi kumkuta mama mmoja wa mwanafunzi analia kabisa, mkononi karoti ya tatu.

“Nikamwambia, dada, huyu amekula robo saa iliyopita. Akaniangalia kama mimi ndiye shetani.”

Hadi hapa mtu anaweza kucheka, na Shangazi mwenyewe anacheka. Kisha anaacha, anavuta ndoo, anaigeuza na kuikalia. Yanayofuata anayasema akiwa ameshika tama, bila kumtazama mtu.

Miezi miwili iliyopita daktari aliongeza sharti moja. Hata nyasi kavu zina sukari, alisema. Ziloweke kwenye maji saa moja kabla ya kumpa, sukari itatoka. Shangazi akatafuta pipa lililokatwa nusu, akaanza siku hiyo hiyo. Nyasi zilizama, maji yakageuka rangi ya chai ya rangi.

Mtaa huu bomba linatoa maji siku tatu kwa wiki. Siku nyingine yananunuliwa kwa mapipa, na bosi anahesabu kila ndoo. Shangazi naye amekua katika nyumba ambayo mtoto akimwaga maji anachapwa. Akalitazama lile pipa, akaona ni dhambi.

“Tonge alikuwa hanywi vizuri kipindi kile,” anasema. “Nikamchotea ndoo moja ya yale maji, nijaribu. Akanywa yote! Akailamba ndoo. Mimi nikafurahi mwenzangu. Nikasema, basi leo kipo kitu kimoja duniani anakipenda ambacho hakimdhuru.”

Akampa kesho yake. Akampa wiki saba.

Wiki ya tatu, utepe wa kupimia tumbo ulionyesha Tonge ameongezeka badala ya kupungua. Wiki ya tano kwato zikapata moto. Shangazi akapunguza nyasi, akabana wavu zaidi, akahamisha mlo wa jioni. Hali ikazidi. Kwa akili yake kulikuwa na jibu moja tu: kuna mtu anamlisha kwa siri.

Akaanza kuvizia. Na aliyekuwa karibu na banda kila siku ni mlinzi wa geti la pembeni, mzee wa makamo aliyezoea kula mkate wake wa asubuhi akiwa ameegemea mlango wa Tonge, kwa sababu hapo ndipo jua linapoanza kufika. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Alipofiwa na mkewe, Shangazi ndiye aliyempikia wiki nzima.

“Nilimwona anapangusa mikono mlangoni. Makombo. Nikaenda moja kwa moja kwa bosi. Sikumuuliza hata yeye kwanza.”

Bosi hakumfukuza mlinzi, lakini alimhamishia ghala la nyuma, ambako hakuna mtu wa kuzungumza naye na zamu ni ndefu zaidi. Siku anabeba kiti chake kwenda huko alipita mbele ya banda. “Shangazi,” alimwambia, “mimi mkate wangu hata haunitoshi.”

Wiki mbili baadaye Tonge alikataa kusimama. Daktari akaja mchana, akapiga magoti kwenye maranda, akamshika mguu muda mrefu. Bosi alisimama mlangoni. Wakati daktari ananyanyuka, macho yake yaliangukia ile ndoo.

“Haya maji ya nini, Shangazi?”

“Ya kunywa, daktari.”

“Mbona yana rangi?”

“Ni yale ya kulowekea nyasi. Maji shida huku, nikaona yasipotee.”

Daktari alichovya kidole, akaonja. Shangazi anasema aliuona uso wake ukibadilika, na akaelewa kabla hajaambiwa.

“Shangazi, sukari yote unayoitoa kwenye nyasi ipo humu,” daktari alisema taratibu. “Ulikuwa unamnywesha.”

Hakuna aliyempigia kelele. Angependa wangempigia, anasema. Daktari alisema kosa ni lake pia, kwamba alipaswa kueleza, na bosi alisema yaliyopita yamepita. Kisha bosi akasema lingine: hii ni mara ya tatu Tonge anaangushwa na kwato, na hawezi kumweka mnyama kwenye maumivu kwa sababu tu watu wanampenda. Wakapatana siku. Ijumaa ijayo daktari atarudi. Tonge atatolewa bandani hadi kwenye sakafu ya saruji, na akitembea hatua ishirini bila kusita, ataendelea kuishi. Akishindwa, atachomwa sindano hapo hapo.

Zimebaki siku sita.

“Hakuna aliyeniambia maji nimwage,” Shangazi anasema. Anatikisa kichwa. “Lakini na mimi sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kumtafuta mwizi.”

Alimfuata mlinzi ghalani siku iliyofuata. Alimkuta kwenye kiti chake, akamwomba msamaha amesimama, akamweleza yote mpaka ndoo. Mlinzi alimsikiliza hadi mwisho. “Sawa, Shangazi,” alisema, akageukia upande wa geti. Bosi amekubali kumrudisha geti la pembeni. Mlinzi amekataa. Anasema huko nyuma ameshazoea.

Saa nne na nusu, wavu wa pili unaingia. Nyasi zinachuruzika, na yale maji ya pipa Shangazi anayamwaga mtaroni mwenyewe, ndoo baada ya ndoo, huku akihakikisha yamekwenda yote. Tonge ananyanyua pua kufuata harufu. Anapiga hatua moja kuelekea mlangoni, anasita, anaurudisha mguu.

Shangazi ameiona. Anageuka na kuanza kuzikunja kamba za nailoni ambazo zilishakunjwa.

“Jana alisita mara nne,” anasema. “Leo sihesabu.”

Nyumbani mumewe amemwambia asiende kazini Ijumaa. Akatae, augue, aseme mtoto anaumwa. Binti yao wa pekee ameolewa na yuko mbali, lakini fundi viatu yuko tayari kumwuguza hata hivyo. Shangazi amemjibu kwamba atakwenda. Ndiye atakayemshika Tonge kamba kwenye saruji, kwa sababu akishikwa na mwingine atadhani anapelekwa kwa fundi wa kwato na atagoma, na kugoma kutaonekana ni kushindwa.

Anainuka, anafungua mlango wa stoo. Nyuma ya reki na mapipa, juu ya mbao ili lisipate unyevu, kuna bunda zima la nyasi kavu, za kijani bado, zenye harufu tamu inayojaa chumba. Halijalowekwa wala kupimwa. Kando yake kuna mfuko wa karoti, na matufaha sita ameyapanga juu ya gazeti. Vyote amevinunua yeye.

“Nimeongea na daktari,” anasema. “Akishindwa zile hatua, asichome sindano mara moja. Anipe saa moja. Nimmwagie hili lote chini, bila wavu, bila mizani. Miaka mitatu namnyima. Nataka siku hiyo ale mpaka yeye mwenyewe aache.”

Analipapasa bunda kwa kiganja, anang'oa jani moja lililochomoza, analirudisha ndani. Kutoka banda la mwisho mlango unaanza tena kupigwa, taratibu zaidi kuliko asubuhi.

“Kila nikifika nalipitia hili kwanza,” Shangazi anasema. “Naomba Mungu lioze hapa hapa.”