Yai la Neema Chini ya Kuku

Mpishi wetu wa shule hutupa maganda ya vitunguu kwenye moto wa maharage. Harufu ile ikinifikia darasani, hesabu zote hunitoka kichwani. Si kwamba huwa zimo nyingi. Narudi kijijini Mnyambe, jikoni kwa Bibi, Jumamosi ya kuamkia Pasaka.

Bibi alijifunza kwa masista kutia mayai rangi. Alibandika jani la mbaazi kwenye ganda, akalifunga kwa kipande cha soksi nyembamba ya kike. Soksi zenyewe zilitoka kwenye marobota ya mitumba, ruksa ya biashara ilipoanza, na hakuna mwanamke pale kwetu aliyejua azivae aende nazo wapi. Kisha mayai yakachemka pamoja na maganda ya vitunguu na gome la mkorosho. Yalitoka mekundu kama udongo wetu, jani limebaki jeupe ubavuni. Dukani rangi za unga zilishajaa, lakini Bibi alisema hatalisha wajukuu rangi ya kutilia mikeka.

Jioni ile Baba alishuka kwenye lori kutoka Masasi, alikolazwa Mama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akamwita Bibi nyuma ya nyumba, wakaongea Kimakonde cha kunong'ona. Bibi aliporudi jikoni macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia apunguze kuni, moshi unamliza. Akazipunguza.

Mdogo wangu Neema hakula yai lake. Alilisukuma chini ya kuku aliyekuwa anaatamia, akatutangazia kwamba kifaranga chake kitakuwa chekundu, chenye jani mgongoni, na atampa Mama akirudi. Nilicheka mpaka nikapaliwa na yai langu. Tangu hapo kila asubuhi nilimwuliza kama kifaranga kitatoka na chumvi au tutajitilia wenyewe.  Yeye alikuwa anamnyunyizia kuku pumba, anampa pole ya kazi.

Mwishowe nilimshtaki kwa Bibi, aliyekuwa anachambua kisamvu.

“Bibi, mwambie huyu mtoto. Yai limeiva hilo.”

“Mwache,” alisema. “Mwache asubiri kidogo.”

Vifaranga vikatoka, vyeusi na vya madoadoa, kuku akaondoka navyo. Yai jekundu likabaki peke yake kwenye majani makavu. Wiki hiyo hiyo lori lilimleta Mama, amefunikwa khanga mbili.

Tuliporudi makaburini, nyumba ilijaa kina mama. Neema nilimkuta amechuchumaa penye kiota, yai kalifumbata viganjani, analipulizia pumzi lisipoe. Nilitafuta neno la kumchekesha. Mimi, ambaye huko shuleni nimeshachapwa kwa kuchekesha watu misani, nilikosa hata moja.

Mwaka jana ndipo Baba aliniambia alichokuja kusema jioni ile: madaktari walikuwa wameshanyoosha mikono. Bibi alimwomba asituambie. Watoto waile Pasaka kwanza.

Nilijiona mjanja kwa kujua kwamba yai limechemshwa. Kumbe asubuhi zile zote, nikishamaliza kumcheka Neema, nilikuwa nakimbilia barabarani kusikiliza kama lori la Masasi linapanda, linamleta Mama kapona. Bibi alikuwa ananiona nikipita. Na mimi pia aliniacha nisubiri kidogo.