Mashini Inayokula Kitambaa

Mama Cibalonza, mushonaji wetu wa Mabanga, alishinda mashini ya kushona kwenye mnada wa WhatsApp. Kumbe inakula kitambaa! Na nguo za ndoa ya kesho kutwa zilikuwa bado kushonwa. Akaibeba mpaka Murara kwa muuzaji, Papa Balagizi, nami jirani yake nikamfuata nyuma.

"Mama, kitu cha mnada hakirudishwi. Tena mashini ni nzima!"

"Ni nzima? Basi papa, vula shimizi nikushonee mukono wake nayo."

Papa Balagizi akaikumbatia shimizi yake, shati mpya kabisa. Wapita njia wakapiga makelele: "Vula, papa! Unaogopa nini?"

Weee! Franga zote alizolipa mama zikarudi palepale. Mama Cibalonza akakimbilia sokoni kununua ingine, na hiyo alishona nayo kwanza kuijaribu, ndipo akalipa.